Mbunge wa Upinzani Atangulize Nini?



Huku kwetu Kavumu neno «mpinzani» halipendezi masikioni. Mtu akiitwa mpinzani, jirani zake hudhani kwamba ni mgomvi, au mwenye kijicho, au hata kwamba amepatana na wenye silaha. Wazee wengine husema: «Mpinzani ni mtu wa kubomoa, maana hana kitu cha kujenga.» Vijana nao hujibu: «Afadhali tumchague mtu wa chama kikubwa, kwa sababu yeye ndiye awezaye kutuletea barabara.» Maneno hayo husemwa sokoni, husemwa njiani kwenda Bukavu, na husemwa hata na watu wenye busara. Basi yafaa tuyachunguze kwa utaratibu, kwa kuwa ndani yake mna swali kubwa la dhamiri: mtu aliyetumwa na wenzake katika Bunge, naye hana wengi upande wake, yampasa kutanguliza jambo gani?

Kwanza tufahamu maneno tunayoyatumia.

Bunge ni nini? Ni baraza la watu waliochaguliwa na raia. Kadiri ya Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, Bunge lina kazi mbili: hupiga kura juu ya sheria, tena huiangalia Serikali pamoja na mashirika na idara za umma. Baraza la wabunge huko Kinshasa lina viti 500. Angalieni vema: hakuna mahali palipoandikwa kwamba mbunge hujenga madaraja au hununua dawa za zahanati. Fedha za kazi hizo hutoka katika hazina ya nchi. Mbunge hupiga kura juu ya makadirio ya hazina hiyo, na baadaye huuliza kama fedha zilitumika kwa kazi iliyokusudiwa. Anayekuja kwetu siku za uchaguzi na kusema: «Nitawajengea daraja,» anaahidi kitu kisichokuwa mkononi mwake.

Na mpinzani ni nani? Ni mbunge asiyekuwa upande wa wale wanaotawala. Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 8, inaukubali upinzani wa siasa na kutamka kwamba haki zake ni takatifu. Sheria ya tarehe 4 Desemba 2007 ikaja kueleza hali yake. Kwa hiyo upinzani si uasi. Mwasi hutegemea bunduki. Mpinzani hana kitu ila neno lake na kura yake moja.

Labda mtasema: «Mambo ya Bunge yatuhusu nini sisi? Mwezi wa Februari 2025 wapiganaji wa M23 walitwaa uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha wakaingia Bukavu. Tumesikia milio ya bunduki. Nani atusomee vifungu vya sheria?» Nami najibu: ndiyo sababu jambo hili latuhusu zaidi. Pale ambapo mtu hawezi kuuliza swali kwa maneno, atatokea mwingine wa kuliuliza kwa risasi, na mwenye kuumia ni mwanakijiji ambaye hakuulizwa lolote. Anayejifunza maana ya kupinga kwa neno anajifunza jambo la amani.

Sasa tuingie katika shida yenyewe. Mbunge wa upinzani ana kura chache na siku chache za kusema. Hawezi kushika mambo yote. Achague lipi liwe la kwanza?

Tutumie mfano mdogo. Tuseme kijiji kina msitu wa mikalitusi, nao ni mali ya wote. Msimamizi wa msitu anakwenda mjini, anatia sahihi mkataba na mfanyabiashara wa mbao, kisha anarudi na kusema: «Nimefanya mapatano mazuri.» Lakini karatasi haionyeshi. Katika baraza la kijiji yupo mtu mmoja ambaye ukoo wake ni mdogo, na wengi wa wale wanaokaa pale ni jamaa za msimamizi. Mtu huyo anaweza kufanya mojawapo ya mambo matatu.

Anaweza kusema: «Mtupe sisi miti kumi, nasi tutanyamaza.» Hapo atarudi nyumbani na miti, na jamaa zake watamsifu.

Anaweza tena kupinga kila neno litamkwalo katika baraza, akikataa hata kazi ya kufyeka njia ya kisimani, ili tu msimamizi apate aibu. Hapo atajulikana kuwa mtu mkali.

Au anaweza kusema: «Naomba karatasi ile isomwe mbele ya wote, kwa sababu msitu ni wa wote.» Hapo yumkini atashindwa kwa kura, na tena atachukiwa.

Ni lipi lililo la haki? Kabla ya kujibu, tutazame jambo lililotokea kweli, nalo si mbali nasi.

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, mkabala na nchi ya Fizi, uko mkoa wa Kigoma katika Tanzania. Watu wengi wa Kivu ya Kusini wanaufahamu, kwa maana walikimbilia huko wakati wa vita vya mwaka 1996, na wengine walikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu. Katika uchaguzi wa Desemba 2005, watu wa jimbo la Kigoma Kaskazini walimchagua kijana wa miaka 29, jina lake Zitto Kabwe, wa chama cha Chadema. Chama hicho kilikuwa kidogo sana. Kati ya majimbo 232 yaliyopigiwa kura, chama kilichotawala, CCM, kilipata 206. Chadema ilipata 5 tu. Basi kijana huyo alipoingia katika Bunge mjini Dodoma, alijua hesabu yake mapema: wengi wasipotaka, hoja yake haitapita.

Kigoma ilikuwa na shida zake. Ilikuwa mbali na mji mkuu, na barabara zake zilikuwa mbaya. Mtu angeweza kutumia miaka yake yote kuomba barabara tu, wala hakuna ambaye angemlaumu. Naye aliziombea njia za kwao, kama ilivyo desturi ya wabunge. Lakini jambo lililomtambulisha lilikuwa jingine. Mwezi wa Februari 2007, waziri wa nishati na madini alitia sahihi mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi pamoja na kampuni ya Barrick ya Kanada. Sahihi hiyo ilitiwa mjini London, Uingereza. Nao wakati ule Serikali ilikuwa imekwisha kuahidi kwamba mikataba ya madini itatazamwa upya. Mgodi wa Buzwagi ulikuwa Kahama, mbali na Kigoma. Haikuwa ardhi ya wapiga kura wake. Hata hivyo, mwezi wa Agosti 2007, Zitto alileta hoja binafsi, maana yake hoja isiyotoka kwa Serikali. Aliomba Bunge liunde kamati teule ya kuchunguza mkataba ule: kwa nini ulitiwa sahihi kwa haraka, na kwa nini huko ng'ambo?

Jambo likaishaje? Hoja ilikataliwa. Tena wengi walisema kwamba amesema uongo juu ya waziri, wakapiga kura kumsimamisha asihudhurie Bunge mpaka Januari 2008. Kwa macho ya siku ile, alishindwa kabisa: hakupata kamati, na kiti chake kilikaa wazi kwa miezi.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Watu wengi katika nchi walianza kuuliza swali lilelile alilouliza yeye. Mwezi wa Novemba mwaka uleule, Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kutazama mikataba ya madini, chini ya Jaji Mark Bomani, na kati ya wajumbe wake alimweka yule yule Zitto aliyefukuzwa kikaoni. Kamati ilimaliza kazi yake mwaka 2008. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria mpya ya Madini. Zamani mchimbaji wa dhahabu alilipa mrabaha wa sehemu 3 katika kila 100, nazo zilihesabiwa baada ya kutoa gharama za kusafirisha na kusafisha. Kwa sheria mpya, mrabaha ukawa sehemu 4 katika 100, tena juu ya bei yote, pasipo kutoa gharama kwanza. Ni kama mtu anayelima maharagwe katika shamba la wote: zamani alitoa kwanza gharama ya magunia na ya gari, ndipo akagawa, sasa anagawa kabla ya kutoa kitu. Mwaka 2017 sheria nyingine zilifuata, na mrabaha wa dhahabu ukafika sehemu 6 katika 100.

Tusiseme kwamba mtu mmoja ndiye aliyefanya yote hayo. Sheria hizo zilipigiwa kura na wengi wale wale waliokuwa wakitawala, na watu wengine wengi walizisukuma. Wala tusimfanye mbunge huyo kuwa mtu asiye na ila. Siasa ina magomvi yake, naye mwaka 2015 alitengana na chama chake cha kwanza. Tunatazama jambo moja tu: alichokitanguliza siku ile alipokuwa na kura chache.

Sasa tupime hoja za wanaomlaumu mtu wa namna hii, maana si hoja za kipuuzi.

Hoja ya kwanza: «Amewaacha watu wake, akashughulika na mali ya wengine.» Ni kweli kwamba mbunge ana deni kwa wale waliomtuma. Lakini deni hilo ni la namna gani? Katiba yetu ya Kongo, katika kifungu cha 101, husema kwamba mbunge huwakilisha taifa, wala hafungwi na amri ya wale waliompigia kura peke yao. Na sababu yake ni ya haki. Dhahabu ya Kahama ililipa, au haikulipa, katika hazina ambayo ndiyo iliyopaswa kutengeneza barabara za Kigoma. Mwenye kulinda ghala ya wote analinda pia chakula cha nyumba yake. Bali anayeomba miti kumi kwa ukoo wake na kunyamaza, ameuza haki ya wote kwa bei ndogo. Na kesho msitu ukiisha, ukoo wake nao hautakuwa na kuni.

Hoja ya pili: «Alijua kwamba atashindwa, kwa nini apoteze siku?» Wahenga husema: wengi wape. Methali hiyo ni ya kweli katika hesabu ya kura, kwa maana baraza haliwezi kuamua bila kufuata wengi. Lakini wengi hupewa uamuzi tu. Kuujua ukweli ni haki ya kila mtu, hata yule mmoja aliyebaki peke yake. Kura zaweza kuamua kwamba karatasi haitasomwa. Haziwezi kuamua kwamba karatasi haipo. Tena swali lililoulizwa hadharani haliwezi kurudishwa mfukoni. Linaandikwa katika kumbukumbu za Bunge, linasikika redioni, linafika mashambani, na siku moja mwenye nguvu analazimika kulijibu. Mwezi wa Aprili 2012 mbunge yule yule alikusanya sahihi za wenzake ili Bunge lipige kura ya kutokuwa na imani na waziri mkuu. Alihitaji sahihi 70, akazipata, na baadhi yake zilitoka kwa watu wa chama kilichotawala. Kura yenyewe haikufika, lakini mwezi uliofuata Rais alibadili baraza lake, na mawaziri kadhaa waliondoka. Hivyo jambo la wote laweza kuwavuta hata waliokaa upande wa pili. Jambo la ukoo mmoja halimvuti mtu.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko zote: «Je, kama alisema uongo?» Hapa lazima tusimame. Yule asiyekuwa na kitu ila neno, neno lake likiwa la uongo hana kitu kabisa. Mwenye kutawala akikosea, bado ana askari na hazina. Mpinzani akisema uongo ameharibu chombo chake cha pekee, tena amewafundisha watu kutokuamini swali la mtu ajaye. Kwa hiyo yampasa achunguze kabla ya kunena, aseme alichokiona katika karatasi, na penye shaka aseme ni shaka. Angalieni kwamba hoja ile ya mwaka 2007 haikuomba mtu ahukumiwe; iliomba uchunguzi. Kuomba uchunguzi ni njia ya mtu ambaye yuko tayari kuonekana amekosea, kama ukweli ukimshinda. Anayepinga kila kitu hana utayari huo, kwa kuwa jibu lake amelitayarisha kabla ya kusikia neno.

Kuna tena jambo moja la kupima. Anayeuliza juu ya mali ya wote lazima akubali kuulizwa juu ya mfuko wake mwenyewe. Wabunge wa Tanzania walikuwa wakipewa posho ya kikao, yaani fedha ya kuhudhuria tu, juu ya mshahara wao. Mwezi wa Juni 2011 Zitto aliandika barua akiikataa posho hiyo, akisema kwamba kukaa katika Bunge ndiyo kazi ambayo mbunge amekwisha kulipwa mshahara kwayo. Wengine walimcheka, na wengine walikasirika. Lakini mwenye akili anaona maana yake: ukitaka kufungua daftari la mwenzako, fungua kwanza la kwako.

Basi jibu la swali letu ni hili. Mbunge wa upinzani hana uwezo wa kugawa. Anao uwezo wa kuuliza. Yampasa kutanguliza yale ambayo ni mali ya wote na ambayo yamefichwa machoni pa wote. Mahitaji ya nyumbani kwake ayaseme, lakini asiyauzie kimya chake. Serikali ikileta sheria njema, aipigie kura bila haya, kwa kuwa hakutumwa kukataa bali kulinda. Wahenga wamesema: mali bila daftari huisha bila habari. Kazi yake ya kwanza ni kudai daftari.

Na sisi je? Swali hili latuhusu katika nchi yetu wenyewe, kwa maana Kivu ya Kusini nayo ina dhahabu. Sheria ya Madini ya Kongo ya mwaka 2002 ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Mrabaha wa dhahabu, uliokuwa sehemu 2 na nusu katika 100, ukawa sehemu 3 na nusu. Na mrabaha wa madini umegawanywa hivi: katika kila franka 100 zinazolipwa, 50 ni za Serikali ya Kinshasa, 25 ni za jimbo, 15 ni za mji au sekta au utawala wa Mwami mahali penye mgodi, na 10 ni za mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2011 kuna amri ya Serikali kwamba mikataba ya mali asili itangazwe hadharani. Hayo ni maneno mazuri yaliyoandikwa. Lakini neno lililoandikwa ni kama jembe lililotundikwa ukutani: halilimi mpaka mtu alishike. Fedha zile 15 zimefika? Zimefanya kazi gani? Mkataba uko wapi? Katiba yetu, katika kifungu cha 138, humpa kila mbunge, hata aliye peke yake, njia ya kumwuliza waziri kwa mdomo au kwa maandishi. Na katika kifungu cha 130 humpa haki ya kuleta pendekezo la sheria. Asiyetumia njia hizo hawezi kujitetea kwa kusema: «Sisi tulikuwa wachache.»

Nasi raia tuna sehemu yetu ya lawama. Mara ngapi tumempima mbunge kwa chumvi, sabuni na vitambaa alivyogawa siku za kampeni? Mara ngapi tumemwambia anayeuliza: «Wewe watuletea matata»? Tukimchagua mgawaji, tusishangae akigawa kidogo na kunyamaza sana. Yeye anajifunza kwetu thamani ya kimya chake.

Kwa hiyo, ndugu wapenzi, siku mtakapokuja kuombwa kura tena, msiulize tu: «Utatuletea nini?» Ulizeni: «Ukibaki na wachache, utauliza nini?» Mtu asiye na jibu kwa swali hilo, hata akishinda, hamjamtuma mtu.

Maswali ya kufikiri pamoja

1. Je, mpinzani na mwasi hutofautianaje?
2. Katika mfano wa msitu wa mikalitusi, kwa nini yule aliyepewa miti kumi amewadhulumu hata jamaa zake?
3. Kwa nini mtu mwenye neno tu yampasa kuwa mkweli kuliko mwenye nguvu?
4. Katika kijiji chetu, ni mali gani ya wote ambayo daftari lake halijasomwa mbele ya watu? Nani aliuliza, nasi tulimjibuje?